Vijikaratasi vya Mama Halo

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliongea kazini kwa miaka ishirini na moja, halafu daktari akamwambia anyamaze.

Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi: meza moja, viti viwili, feni iliyokuwa inalalamika kutwa nzima, na mashine ya simu yenye vitufe sitini na vinne. Yeyote aliyepiga simu hospitali alimkuta yeye kwanza. "Halo, hospitali, nikusaidie nini?" Aliyasema maneno hayo mara mia tatu kwa siku, na kila mara kama vile ndiyo kwanza anaanza kazi. Ndiyo maana watu walimwita Mama Halo. Siku moja nilikuwa naye sokoni, akauliza bei ya vitunguu, na mwanamke asiyemjua kabisa akageuka akasema, "Wewe si wa hospitali?" Sauti yake ilikuwa maarufu kuliko sura yake, na yeye alilifurahia jambo hilo, ingawa alijifanya linamchosha.

Sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Ikakwaruza miezi mitatu, na yeye akasema ni mafua. Hatimaye daktari wa koo, mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno, akampitishia kamera puani na kukuta vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Amri ikatoka: wiki sita bila neno hata moja. Kunong'ona pia marufuku, maana kunazichosha nyuzi vilevile. Baada ya hapo ataongea kidogo kidogo, lakini kazi ya simu aisahau.

"Wiki sita zote?" kaka akauliza. Kaka ni fundi wa majokofu, mtu mpole, na kwa jinsi alivyouliza daktari hakujua kama analalamika au anashukuru. Shemeji alijua. Alimkanyaga mguu.

Kazini ndiko kulikokuwa na shida. Kiti chake kilikaliwa na mwenzake wa zamu, na afisa utumishi akamwita ofisini akamweleza, kwa adabu zote, kwamba watamtafutia kazi isiyohitaji sauti. Isipopatikana hadi mwisho wa mwezi unaofuata, itabidi aandikiwe barua ya kuondoka. Shemeji alikuwa amebakiza miaka minne tu astaafu. Mwingine angesema basi, nimechoka, acha nipumzike. Yeye hakuchoka. Aliipenda hospitali ile pamoja na feni yake mbovu, na wiki ile ya kwanza alikuwa anakaa kibarazani amefunga kitambaa shingoni, anatazama barabara, na mimi roho iliniuma kumwona.

Nyumbani akaanza kutumia vijikaratasi. Alikata kalenda za miaka iliyopita vipande vya ukubwa wa kiganja, akafunga kalamu ya bluu kwa uzi, akaivaa shingoni. Siku ya kwanza alimwandikia kaka: "Lete sabuni." Kaka akaenda dukani akarudi na sabuni ya kuogea, ya kijani, yenye harufu ya ndimu, kajichagulia mwenyewe na kafurahi. Shemeji alitaka ya kufulia. Siku ya pili: "Lete sabuni ya kufulia." Kaka akaleta mche. Yeye alitaka ya unga. Zamani angechomoza kichwa dirishani na kumwita kabla hajafika kona, "Ya unga, baba watoto, si mche." Safari hii kichwa kilichomoza, mdomo ukafunguka, amri ya daktari ikaufunga. Akabaki anapunga mkono, na kaka naye akampungia, akaendelea zake.

Siku ya tatu karatasi ilisema: "Sabuni ya unga ya kufulia, pakiti ya kilo moja, duka la kona. Kama hakuna ya kilo, leta mbili za nusu kilo. Kama hakuna ya unga kabisa, usilete nyingine yoyote, rudi tu, sitakasirika." Kaka alirudi mikono mitupu anatabasamu, na siku hiyo hawakununiana.

Sasa nije kwangu. Mimi naandika programu za kompyuta, na nina kiburi cha watu wa kazi yangu. Jambo likitushinda sisi, tunaamini limeshinda dunia nzima. Mwezi huohuo hospitali ilikuwa imenipa kazi ya kutengeneza msaidizi wa akili bandia wa kushughulikia ujumbe wa wagonjwa. Mtu anaandika kwenye simu yake anachotaka, Msaidizi anasoma, kisha anaamua mwenyewe achukue zana gani. Zana ni kipande cha programu chenye kazi yake moja: hiki kinatafuta miadi, hiki kinaulizia maabara, hiki kinampeleka mgonjwa kwa mtu. Nilikuwa nazo kumi. Msaidizi haoni kilichomo ndani ya zana. Anaona jina lake na maelezo mafupi niliyoyaandika chini ya jina, basi, na kwa hayo tu anachagua.

Na alichagua ovyo. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameweka sharti: Ijumaa ya mwisho wa mwezi unaofuata, mbele yake, Msaidizi apewe ujumbe hamsini ambao hajawahi kuuona. Akipatia arobaini na tano, anaanza kazi. Asipofikisha, mradi unafungwa. Kwenye majaribio yangu mwenyewe alikuwa anapata ishirini na tisa.

Jumapili moja baada ya chakula nilikuwa mezani kwa kaka, kompyuta mbele yangu, nanung'unika. "Mjinga huyu. Mjinga wa kutupwa."

Kijikaratasi kikanisogelea: "Nani?"

Nikamgeuzia kompyuta aone. Mgonjwa wa majaribio alikuwa ameandika: "Kesho nitachelewa kidogo, tafadhali msinifute." Msaidizi, kwa heshima na taadhima, alikuwa amemfuta.

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika. Kucheka bila sauti kulimtoa machozi, na ilimchukua muda kuishika kalamu tena. "Umemwambia nini kuhusu hiyo zana?"

Nikamwonyesha. Zana iliitwa badili_miadi, na maelezo yake yalisema: "Hubadilisha hali ya miadi." Niliyaona mazuri sana. Mafupi, safi.

"Kutoka hali gani kwenda hali gani?" akaandika.

Nikamweleza kwamba zana ile inafanya mambo matatu. Ukiipa moja inathibitisha miadi, ukiipa mbili inafuta, ukiipa tatu inasogeza.

"Yeye amejuaje?"

"Imo ndani ya programu, shemeji."

"Anaona ndani?"

Nikakiri kwamba haoni. Akaandika kwa muda kidogo, akaniwekea karatasi juu ya kibodi. "Shemeji, huyu si mjinga. Kaka yako naye si mjinga. Kila mmoja anajua alichoandikiwa tu."

Kaka, aliyekuwa anachokonoa meno, akasoma juu ya bega langu. "Asante kwa kunitetea," akasema.

Niliudhika, sitaficha. Nimesomea kazi hii, nina vyeti ukutani, na hapa nafundishwa na mpokea simu mwenye kalamu shingoni. Nikaaga mapema. Njia nzima nilikuwa nabishana naye kichwani, na nilipofika kwangu nikagundua kwamba ubishi wote nilikuwa nimeshindwa. Kesho yake mchana nikarudi.

"Nifundishe," nikamwambia. "Na akifaulu, nitamwomba mkurugenzi akupe kazi hii hii, ya kuandika maelezo. Haihitaji sauti."

"Usiniahidi kisicho chako," akaandika. Halafu karatasi ya pili, kwa haraka zaidi: "Tuanze na ipi?"

Niliyemjua miaka yote ni mpishi wa pilipili kali na mtaniaji. Sikuwahi kujua anavyofanya kazi. Akatoa kwenye kabati daftari lake la namba za ndani za hospitali, limechakaa hadi kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Kila namba ilikuwa na ukurasa wake. Namba ya maabara, kwa mfano: nani apelekwe huko, nani asipelekwe hata akisisitiza, aulizwe nini kabla hajaunganishwa, na pasipopokelewa apelekwe wapi. Aliliandika kwa ajili ya mwenzake wa zamu, ambaye hukutana naye mlangoni tu, mmoja anaingia mwingine anatoka, hakuna nafasi ya kuulizana. Miaka ishirini na moja alikuwa anafanya kazi niliyodhani nimeibuni mimi.

Alianza kwa kuivunja badili_miadi. "Kufuta na kusogeza vinakaaje chumba kimoja?" akauliza. Nikamwambia kuzitenganisha ni kazi ya siku mbili. Akasoma karatasi yake tena kama vile mimi ndiye ambaye sijaisoma vizuri, akanirudishia. Nikazitenganisha. Zana zikawa kumi na mbili: thibitisha_miadi, futa_miadi, sogeza_miadi, na zile tisa nyingine. Chini ya futa_miadi akaandika: "Hufuta miadi moja kwa moja, hairudi. Tumia pale tu mgonjwa anaposema wazi kwamba haji kabisa. Akisema atachelewa, amebanwa, au anaomba siku nyingine, hii si yenyewe, tumia sogeza_miadi."

Ya maabara ilinitoa jasho. Zana yangu iliitwa majibu_maabara, na nilikuwa nimeandika: "Hutoa majibu ya maabara." Akaniuliza inatoa majibu gani. Nikasema, kusema kweli, haitoi majibu; inasema tu kama karatasi ya majibu iko tayari. Kalamu ikasimama. Nikafungua majaribio ya wiki iliyopita kumwonyesha, na humo tukamkuta mtu aliyeuliza majibu ya kipimo cha damu, Msaidizi akamjibu, "Majibu yako ni mazuri, yako tayari." Alikuwa mtu wa kubuni, namshukuru Mungu. Shemeji hakucheka hata kidogo. Aliandika akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka: "Hii haijui majibu. Inajua tu kama karatasi iko tayari kuchukuliwa dirishani. Usimwambie mtu kwamba ni mzima wala kwamba anaumwa." Jina la zana akalibadilisha pia, likawa karatasi_ya_majibu_iko_tayari. Refu, nikalalamika. Akaniandikia kwamba nikilipunguza atalirefusha.

Halafu zikaja saa. Hapa ndipo nilipoona aibu ya kweli. Katika makosa yangu ishirini na moja, tisa yalikuwa ya saa, na mimi nilikuwa nimeyaita makosa ya bahati mbaya. Mgonjwa anaandika, "Niwekeeni saa tatu asubuhi." Msaidizi mara nyingine anapatia, mara nyingine anapeleka 03:00. Mfumo unamjibu "Kosa 22", yeye haelewi Kosa 22 ni nini, anajaribu tena 03:00, anajibiwa tena Kosa 22, kisha anamwambia mgonjwa kwamba kliniki imejaa. Mimi nimekua nikihesabu saa hivyo, asubuhi ni saa moja na mchana ni saa saba, na nikikaa kwenye kompyuta nageuza kichwani bila kujua kwamba nageuza. Sikuwaza kabisa kumwambia mwingine.

"Saa za zana hii huanza kuhesabiwa saa sita usiku," shemeji akaandika. "Mtu akisema saa tatu asubuhi, andika 09:00. Akisema saa nane mchana, andika 14:00. Asiposema ni asubuhi au mchana, muulize. Kliniki hufunguliwa 08:00 na kufungwa 16:00. Ukijikuta unaandika saa nyingine, umekosea kugeuza." Kisha akaniuliza Kosa 22 inamwambia nani nini. Nikasema inaniambia mimi. "Wewe utakuwepo?" Kosa 22 nikaifuta, nikaweka maneno aliyoniandikia: "Saa hii kliniki imefungwa. Angalia kama umegeuza saa vizuri, kisha jaribu tena. Nafasi bado hazijaulizwa, usimwambie mgonjwa kwamba pamejaa."

Baada ya wiki mbili tukawa tumemaliza zana zote isipokuwa moja, nikaendesha majaribio nikiwa na uhakika kabisa. Ishirini na sita. Tumeshuka.

Mama Halo, sikilizeni, alikuwa amenogewa. Baada ya miaka ya kuongea na wiki tatu za kunyamaza, maneno yote yaliyozuiwa kooni yalikuwa yametokea kwenye kalamu. Maelezo ya kuweka miadi ya meno yalikuwa na ukurasa na nusu. Yalisema daktari wa meno hapendi kuambiwa mgonjwa yuko njiani, apelekewe aliyekwisha kufika mlangoni. Yalisema nesi wa zamu ya mchana ni mkarimu kuliko wa asubuhi. Yalitahadharisha mara tano, kwa maneno matano tofauti, kwamba mtoto asiwekewe miadi bila mzazi. Msaidizi wa watu akachanganyikiwa, akaanza kuwauliza watu wazima kama wazazi wao wanajua.

Kumwambia ilinibidi nipige moyo konde. Nikamwekea matokeo mbele yake nikakaa kimya, sasa tukawa mabubu wawili. Akasoma. Akasoma maelezo yake mwenyewe ya meno. Mabega yakaanza kutikisika, yakatikisika hadi kaka akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Shemeji akamwandikia: "Nimekuwa kama wewe ukielezea friji."

Ikabidi tupunguze, na njia ya kupunguza aliigundua yeye. Tulimketisha kaka mezani. Tukampangia mbele yake zana kumi na mbili, kila moja kwenye karatasi yake, na mimi nikawa namsomea ujumbe wa wagonjwa. Kaka hajui chochote kuhusu miadi. Akiumwa anangoja apone. Akawa anasikiliza, anapekua, anainua karatasi. Akipatia, shemeji anachukua kalamu anafuta sentensi moja, tunarudia. Akiendelea kupatia, sentensi ile haikuwa na kazi. Akikosea, inarudishwa. Alasiri tano mfululizo tulifanya hivyo, na chai, na karanga, na kaka akianza kujiona daktari.

"Mama mmoja anasema hivi," nikamsomea. "'Mtoto wangu ana miadi lakini nimesahau ni lini.'"

Kaka akainua karatasi mbili. "Hizi ni pacha," akasema. "Hii inaitwa tafuta_miadi, hii inaitwa angalia_nafasi. Zote zinasema zinaonyesha siku na saa. Mimi nitajuaje?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumeyasoma maneno yale siku ishirini na hatukuona. Shemeji akaandika upya maelezo yote mawili, kila zana ikitaja nyingine: "Hii ni ya miadi ambayo mgonjwa tayari anayo. Anayetafuta nafasi iliyo wazi, mpeleke angalia_nafasi." Na kule kwingine vivyo hivyo. Kaka akataka alipwe. Akalipwa karanga zilizobaki.

Majaribio yakapanda. Thelathini na tisa. Arobaini na mbili. Jumatatu ya wiki ya mwisho tukafika arobaini na nne, pungufu moja ya sharti la mkurugenzi. Siku hiyo shemeji alikuwa amepita hospitali asubuhi kwa afisa utumishi, na aliporudi nikamuuliza kuna habari gani. Akatikisa mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akavuta kiti. Tulifanya kazi hadi jua likaanza kuinama. Jumanne alinirudisha kwenye zana ya kusogeza miadi kwa neno moja tu lililokuwa linamkera. Jumatano aliandika upya ile iliyobaki, peleka_kwa_mtu, ambayo mimi nilikuwa nimeieleza kwa maneno mawili, "Huhamisha mazungumzo," na hakutaka nimsaidie. Alhamisi Msaidizi akapata arobaini na saba. Nilimkumbatia kaka, kaka akamkumbatia mkewe, na mimi nikapiga kelele ya watu watatu, maana mmoja wetu hakuruhusiwa.

Ijumaa tukapanda ghorofani, chumba cha vikao. Mkurugenzi alikaa kichwa cha meza, miwani imewekwa kwenye paji la uso. Afisa utumishi alikaa pembeni na mafaili yake. Shemeji alikaa karibu na mlango, kalamu shingoni, mkoba mapajani, nguo ile ya zambarau anayoivaa kwenye harusi za watu anaowaheshimu. Nikawasha, ujumbe ukaanza kuonekana ukutani, mmoja mmoja, na chini yake jibu la Msaidizi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kufikia ujumbe wa thelathini alikuwa amekosa mmoja. Kufikia wa arobaini, makosa matatu. Wa arobaini na nane na wa arobaini na tisa akapatia. Arobaini na sita.

"Tumefika," nikasema.

"Bado mmoja," mkurugenzi akasema. "Huu naandika mwenyewe." Akatoa simu yake, akashusha miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Ukutani pakatokea: "Mimi siandikiani na mashine. Nataka Mama Halo."

Hakukuwa na zana ya Mama Halo. Msaidizi akafikiri kidogo, akajibu: "Sawa kabisa. Nakupeleka kwa mtu sasa hivi, usiondoke." Na pembeni likaonekana jina la zana aliyoichukua, peleka_kwa_mtu.

Mkurugenzi akanitazama. "Amejuaje kutonibembeleza? Hizi mashine za siku hizi, ukitaka mtu, zinakuzungusha mpaka ukate tamaa."

Nikamsomea maelezo. "Mpeleke kwa mtu yeyote anayesema anataka binadamu, kwa maneno yoyote, hata ya hasira, hata akitaja jina usilolijua. Usimuulize sababu. Usimwombe abaki na wewe. Mwambie asiondoke, maana kuna watu wakinyamaziwa hudhani simu imekatwa."

"Nani kaandika hayo?"

"Shemeji yangu, yule pale. Zote kumi na mbili kaziandika yeye, mimi nilikuwa fundi tu." Nikavuta pumzi nianze ombi langu, nililokuwa nimelifanyia mazoezi bafuni, lakini mkurugenzi alikuwa ameshamgeukia afisa utumishi.

"Huyu mama tumempangia wapi?"

Afisa akafungua faili, akalitazama kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Hatukupata pa kumpangia, mkurugenzi. Barua ya kuondoka ilitoka Jumatatu. Alikuja akaichukua mwenyewe."

Jumatatu. Nikageuka kumtazama shemeji. Jumatatu ndiyo alipotikisa mkono na kuvuta kiti. Jumanne alipigania neno moja. Jumatano aliandika yale niliyotoka kuyasoma. Siku zote hizo barua ilikuwa mkobani mwake, hakutuambia mimi wala kaka, na kazi ya hospitali iliyomwachisha aliimaliza hadi nukta ya mwisho. Macho yalinijaa pale pale, mbele ya wakubwa, na sikuona haya.

Shemeji akafungua mkoba, akatoa barua, akatembea hadi kichwa cha meza, akaiweka mbele ya mkurugenzi. Akaigeuza. Nyuma yake ilikuwa imejaa maandishi ya bluu. Mkurugenzi akaanza kusoma kwa sauti, kwanza kikazi, halafu polepole.

"Mpokea simu wa zamani. Huandika maneno ambayo mtu asiye na wa kumuuliza anaweza kuyafuata. Mtumie kwa zana za Msaidizi, mabango ya koridoni, fomu ambazo watu hujaza vibaya, na karatasi za dawa wanazokwenda nazo nyumbani. Usimtumie kupokea simu, kutangaza kwenye kipaza sauti, wala kupeleka chai vikaoni. Anahitaji meza, kiti chenye mgongo, na mtu mmoja asiyejua chochote wa kumjaribia maandishi. Huyo anaye nyumbani. Anapatikana hadi siku ya kustaafu. Usipoelewa mstari wowote hapa, kosa ni la mwandishi. Mrudishie, ataandika upya."

"Chai," mkurugenzi akasema, "hata mara moja?"

Shemeji akatikisa kichwa.

"Mkurugenzi," afisa utumishi akasema, "ombi la kazi lina fomu yake rasmi."

"Hii nimeielewa kwa kusoma mara moja." Akaigeuza barua, akatazama upande wa mbele, wenye saini yake mwenyewe. "Hii niliyoitia saini mimi, sijui kama niliisoma." Akaigeuza tena, akachukua kalamu, na chini ya maandishi ya bluu akaandika: "Nimekubali, aanze Jumatatu." Akasaini, akasimama, akampa mkono.

Jumatatu nikapita kumwona. Meza yake ipo koridoni, hatua chache kutoka maabara, na kiti kina mgongo. Hakuwa amekikalia. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, bango la zamani lililoandikwa "Subiri hapa" liko chini kwenye pipa la taka, na yeye anabandika lake, linalosema unasubiri nini, kwa muda gani, na mlango wa kugonga ukiona umesahaulika.